Zamu ya Kufua Jezi

Kocha alikuwa na tabia ya kunyamaza ndege ikipita. Uwanja wetu ulikuwa Evere, pembeni ya Brussels, nyuma ya makaburi, na ndege za kiwanja cha Zaventem zilipita juu yetu, chini kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya tumboni. Wengine wote tulipiga kelele zaidi ili tusikike. Yeye alisimama, akaweka mikono nyuma, akasubiri, na mngurumo ulipokwisha aliendelea kutoka neno lile lile alipokatia. Kama alikuwa amesema, "Bon, wewe wa kushoto, ukiona mupira," basi baada ya ndege angesema, "unapanda," na shauri yako kama ulikuwa umesahau mwanzo.

Alizaliwa wapi hasa sijui, na habari za baba yake sikuwahi kumuuliza. Wapo waliosema alifundisha hesabu Bukavu, wapo waliosema alikuwa karani wa ghala la kahawa. Mwenyewe ukimuuliza alijibu, "Nilikuwa kijana," na habari ikaishia hapo. Hapa Brussels alisafisha mabasi alfajiri, kabla hayajatoka bohari, na Jumapili baada ya misa alikuwa Kocha wetu. Nimemjua miaka kumi na saba. Minane kati ya hiyo tuliishi kwa kusalimiana tu, na ni hiyo minane inayoniuma.

Timu yetu ilikuwa ya watu wa Kivu, karibu wote. Kulikuwa na watunza wazee kama mimi, waosha vyombo, wanafunzi, mhasibu mmoja aliyejiona, na fundi bomba aliyekuja uwanjani na gari lenye mabomba juu. Tulicheza ligi ya Jumapili, ile isiyoandikwa gazetini. Mimi nilicheza kiungo, jezi namba sita, na kwa misimu sita nilikuwa nahodha. Nilifika nchi hii peke yangu. Chumba changu Saint-Gilles kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na wiki nzima niliitwa kwa jina la ukoo, tena likitamkwa vibaya. Jumapili niliitwa "Capitaine," na Maman, mke wa Kocha, alinipakulia sombe, kisamvu cha kwetu, kabla hajampakulia mumewe. Sikuwa na nyumba nyingine, nasema wazi, kwa sababu bila kulijua hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alikwenda kulilia jezi.

Nianze na begi, maana kila kitu kwa Kocha kilianzia kwenye begi.

Lilikuwa begi la turubai, refu, lenye zipu iliyogoma katikati. Ndani zilikaa jezi kumi na tano. Kila Jumapili mchezo ukiisha mchezaji mmoja alilibeba nyumbani kuzifua. Orodha ya zamu haikuandikwa popote, ilikuwa kichwani mwa Kocha, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Jumapili iliyofuata begi liliwekwa juu ya benchi, na hakuna aliyevaa kitu mpaka hesabu imalizike. Kocha alitoa jezi moja moja, akaibandika shavuni kuona kama imekauka, akainusa, akaikunja upya, akaita namba yake kwa sauti. "Un. Deux. Trois." Wapinzani walikuwa wakitutazama kutoka upande wa pili, wakidhani tunasali.

Kutokana na jezi alikusoma wewe. Ukirudisha zenye manukato mengi alisema, "Uyu amepata bibi mupya." Ukirudisha zilizokunjwa vizuri mno alikuwa na wasiwasi, akauliza kama umepoteza kazi. Lakini alichokichukia ni unyevu. Mshambuliaji wetu mmoja, kijana hodari, alileta jezi mbichi mara mbili mfululizo. Kocha alimkalisha benchi mechi tatu, na zote tatu tulifungwa. Fundi bomba alilalamika mbele ya watu wote. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Tulipoteza, c'est vrai. Lakini hatukunuka."

Mimi nilizipeleka salon-lavoir, duka la mashine za kufulia za kulipia, karibu na stesheni ya Gare du Midi. Nilikaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki nikizitazama zikizunguka nyuma ya kioo, saba, kumi na moja, tatu, na ya kwangu sita ikipita na kurudi. Wengine waliichukia zamu yao. Mimi niliingoja. Wiki niliyokuwa na begi chumbani, chumba kilikuwa na watu.

Mtu asidhani Kocha alikuwa mtu wa kanuni tupu. Alitukaripia kwa kuchelewa, naye alichelewa kila Jumapili, kwa sababu kati ya kanisa na kituo cha basi alikutana na watu watano na kila mmoja alimuuliza habari za magonjwa yake. Alipofika alijitoza faini mwenyewe, euro moja kwenye kopo la maziwa, akatutazama kwa dharau kama vile sisi ndio tuliomchelewesha. Alituhubiria pasi. "Mupira haiko ya baba yako, patia mwenzako." Lakini mpira ukitoka nje na kumfikia miguuni, hakuweza kuurudisha bila kuupiga danadana tatu kwanza, na viatu vyake vya kanisani. Aliogopa mbwa wadogo. Mbwa mkubwa alimpita bila kujali, ila kile kijibwa cha bibi mmoja wa Kiflemi kilichotembezwa kando ya uwanja kilimfanya ahamie upande wa pili wa mstari na kuendelea kufundisha kutoka huko.

Na alisema hataki mastaa. "Star ni ya Noël," alisema, "unaweka juu ya muti, kisha Januari unarudisha ku carton." Tulicheka kila mara. Halafu Jumapili moja tukacheza na timu ya watu wa Katanga, wale wa Saint-Gilles, na mshambuliaji wao akatupiga bao ambalo mpaka leo sijui lilipita wapi. Aliupokea mpira akiwa ametupa mgongo, akageuka mara moja, na kipa wetu alikuwa bado anapanga ukuta. Nilipoangalia kando, Kocha alikuwa anapiga makofi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Tulifungwa mbili kwa moja, na kwenye basi hakuna aliyemsemesha. Yeye aliangalia dirishani akasema, bila kumwambia yeyote, "Quand même, Mungu anapenda bantu bengine zaidi."

Kama ningekuwa na akili ningejua siku ile.

Jambo jingine la Kocha lilikuwa karatasi zake. Duka moja la Matonge, mtaa wa Waafrika, lilimpa kalenda kila mwaka, na mwezi ukiisha hakutupa ukurasa. Aliugeuza, akapiga mstari katikati kwa rula, na hapo akapima mambo. Kununua koti jipya au kuvumilia lile la zamani: kushoto, kulia. Binti yake aende kusoma Namur au abaki: kushoto, kulia. Alipomaliza kuandika hakuamua. Alimtafuta mtu yule yule ambaye jambo linamhusu, akamwonyesha karatasi, akamwambia, "Nipe mawazo yako sawa vile mambo haikuangalie." Yaani kama vile halikuhusu. Kwake huo ndio ulikuwa ukomavu, mtu kujizungumzia kama anamzungumzia jirani. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minane, aliulizwa hivyo kuhusu safari yake mwenyewe. Alijibu kwamba huyo msichana aende. Akaenda, na Kocha akaugua tumbo wiki mbili.

Sasa nifike kwenye karatasi yangu.

Ulikuwa msimu ambao tulimaliza wa pili kwa mara ya tatu mfululizo. Kocha alikuwa amechoka kuwa wa pili, ingawa hakulisema. Mwezi wa Aprili wakubwa wa timu ya Katanga walimjia na neno. Yule mshambuliaji wao walikuwa tayari kumwachia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, aliwahi kulipwa kwa kucheza, na jina lake lilifahamika mpaka Matonge. Wao walitaka vitu viwili. Kwanza pesa ya kununulia seti nzima ya vifaa, euro elfu moja na mia mbili, nayo ilikuwa karibu sawa na yote tuliyokuwa tumechanga miaka miwili kwa safari ya mashindano ya Lille. Pili walitaka kiungo. Walinitaka mimi.

Upande wa pili wa karatasi alikuwa kijana wa Molenbeek, wa miaka kumi na saba, aliyekuja kufanya mazoezi nasi tangu Februari. Mama yake ni wa kwetu. Kijana mwenyewe aliongea Kifaransa, na Kiswahili alikielewa akigombezwa tu. Alikuwa mwembamba, alipoteza mipira mingi, na mara moja kwa nusu saa alifanya jambo lililomfanya Kocha aache kutafuna kijiti chake cha meno. Huyo alihitaji viatu, kadi ya kusafiria, na uvumilivu.

Kocha aliniita Jumatano baada ya mazoezi. Wenzangu walikuwa wanavua viatu. Tulikaa kwenye benchi, akatoa ukurasa wa Machi kutoka mfukoni, akaukunjua juu ya goti lake, akautuliza kwa kiganja.

"Angalia, Capitaine," alisema. "Apa ni star. Apa ni mutoto. Star anatupatia kikombe iyi mwaka, sûr. Mutoto anatupatia kikombe nisipokuwa tena. Star anakula pesa ya Lille, mille deux cents. Mutoto anakula viatu. Star iko mukubwa, hataomba ruhusa. Mutoto, deux ans, miaka mbili ya kumubeba."

Nilisoma. Mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Chini kabisa upande wa star, baada ya pesa, baada ya umri, baada ya goti lake bovu la kushoto, alikuwa ameandika neno moja: "Capitaine." Hakuweka alama yoyote mbele yake. Mengine yote aliyawekea alama ya kujumlisha au ya kutoa.

"Nipe mawazo yako," alisema, "sawa vile mambo—"

Ndege ikapita.

Alinyamaza kama kawaida, mikono kwenye magoti, uso mbele. Nikawa na dakika nzima. Sijawahi kupewa dakika ndefu kama ile. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, neno dogo, na sikuthubutu kulitoa. Kwetu mtu haiombei nafsi yake mbele ya papa aliyemlisha. Unasema, mnavyoona ninyi, Papa. Hiyo ndiyo adabu, na nilikuwa nayo. Lakini nisijisingizie adabu peke yake, nilikuwa na kiburi pia. Nilitaka aseme yeye. Nilitaka ageuke, anitazame, aikunje ile karatasi na kusema kwamba nahodha hauzwi. Nilimngoja.

"Haikuangalie," alimalizia.

Nikasema, "Mukamate star, Papa Coach. Hesabu yake iko wazi."

Alipitisha kidole juu ya ule mstari wa katikati.

"Ni mawazo yako?"

"Ni mawazo yangu."

"Bon," alisema. Akaukunja ukurasa mara nne, akaurudisha mfukoni, akainuka kwa kushika mgongo.

Jumapili ile ilikuwa zamu yangu ya begi. Nilizifua kama kawaida, nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki nikazitazama. Nilizikunja zote. Halafu nikampa kipa wetu, rafiki yangu, azirudishe kwa niaba yangu, na namba sita nikaiacha chini ya kabati. Nilijiambia kwamba imesahaulika kwenye mashine ya kukaushia. Nilijiambia hivyo mwaka mzima, na mashine ile naijua, haina pembe ya kuficha kitu.

Watu wa Katanga walinipokea vizuri. Wanapenda kucheka, wanavaa vizuri, na baada ya mchezo wanakupeleka kula samaki bila kuuliza kama una njaa. Sina neno baya juu yao. Ila kila mtu alifua jezi yake mwenyewe. Nilicheza misimu miwili, goti likasema basi, nami nikawa mtu wa kupeleka wazee wa watu bafuni siku za wiki na kulala Jumapili.

Habari za upande wa pili zililetwa na kipa. Star alicheza mechi kumi na moja na kufunga mabao tisa, na Kocha alilia mara mbili. Ilipofika zamu yake ya begi alilisahau kwenye tramu. Kocha alikwenda siku tatu mfululizo kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea mpaka akalipata, akazifua mwenyewe. Januari star aliitwa na timu ya upande wa Antwerp, akaondoka. Lille hawakwenda, na kikombe hakikuja. Yule kijana wa Molenbeek aliona mlango umefungwa, akaenda kwingine, na baada ya miaka mitatu tukawa tunamwona kwenye televisheni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kocha ni mtu wa ajabu kweli. Yeyote mwingine angejificha. Yeye, runinga ikimwonyesha kijana yule pale kwenye baa ya Matonge, alinyoosha kidole na kuwaambia watu asiowajua, "Uyu, ni mimi nilimukatala." Alisema kwa sauti inayokaribia fahari.

Kipa aliniambia pia kwamba Januari ile, star alipoondoka, Kocha alisimama mbele ya benchi kabla ya kuhesabu jezi, akasema, "Nilipima mubaya." Kisha akahesabu. Kwangu hakuja kulisema. Nami sikwenda kulisikia. Tulikutana kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye ubatizo wa mtoto wa kipa. Nilimsalimu kwa mikono miwili, "Papa Coach." Alinijibu, "Capitaine." Jina hilo hakunivua. Halafu aliuliza goti, nikauliza mgongo, na mmoja wetu akaitwa kwenye picha. Nilirudi nyumbani kila mara nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Nilimkumbuka yule mzee. Hakuna neno jingine. Kazini nilipomfunga mzee wa watu vifungo vya shati, nilijikuta nikibandika shati shavuni kwanza kuona kama limekauka. Ndege ilipopita nikanyamaza katikati ya sentensi, wenzangu kazini walidhani nimeishiwa Kifaransa.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, kipa alikuja kwangu. Sasa yeye ndiye anayefundisha timu, na tumbo lake linafundisha naye. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, Kocha anahama. Miguu imekataa ngazi za ghorofa ya tatu, na binti yake anamchukua Namur yeye na Maman. La pili, kipa alitaka nije nimsaidie siku za Jumapili. Nilimwambia nitafikiria. Nilikuwa na kawaida ya kujibu hivyo.

Aliinuka kuondoka, akacheka peke yake mlangoni.

"Sijui nani atahesabu sawa yeye," alisema. "Ile yake ya cinq, six iko inafuliwa, sept."

Sita, namba yangu. Nikamwomba arudie.

"Haukujua? Kila Jumapili. Akifika ku cinq anasema, six iko inafuliwa. Kisha sept. Tulinunua seti mupya mara mbili, yeye njo alitoa komandi ya dukani, na six hakuiitisha. Batoto ba sasa banawaza ni mambo ya dawa."

"Tangu lini?"

Kipa alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Tangu ulienda."

Alipotoka nilikaa kitandani. Kisha nilipiga magoti, goti baya na goti zuri, nikaingiza mkono chini ya kabati. Ilikuwa mle kwenye mfuko wa duka, ya bluu, imeshika harufu ya mbao. Nikaenda nayo salon-lavoir. Kiti cha plastiki kimebadilishwa, sasa kuna benchi la chuma. Nikaiweka peke yake ndani ya mashine kubwa, na mama mmoja wa Kimoroko aliyekuwa anakunja mashuka akanitazama, akatazama mashine, akaendelea kukunja. Nikaikausha mara mbili.

Jumamosi nilikwenda Evere, nyumbani kwa Kocha. Maman alifungua mlango akiwa na utepe wa kufungia makartoni mkononi. Sebule ilikuwa imejaa makartoni, na juu ya kila radiyeta ya kupasha nyumba joto, juu ya migongo ya viti, hata juu ya mlango wa bafu, zilitandazwa jezi za kijani.

"Angalia mambo ya papa yako," Maman alisema. "Ninahama nyumba, yeye anafua. Amekatala ati zamu ya mwisho iwe ya mwingine."

Kocha alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa amepungua. Shingo ilikuwa imelegea ndani ya kola, lakini kola ilikuwa imepigwa pasi. "Capitaine," alisema. "Goti?"

Sikujibu goti. Nilimpa mfuko.

Aliitoa jezi. Aliigeuza, akaiona namba. Hakushtuka. Aliibandika shavuni, akakaa nayo hapo, akafumba macho. Kisha akainusa kwapani na kolani, kote alikokuwa akinusa.

"Imekauka," alisema.

"Nilikaa nayo, Papa Coach. Haikupotea. Niliikamata mwenyewe."

"Najua. Zilirudi quatorze, kumi na ine."

Maman alikuwa amesimama na utepe wake. Nilijua nisiposema wakati ule Namur ingeanza kesho, na nisingesema tena. Nikamwambia bila kutafuta maneno mazuri. Nikamwambia kwamba siku ile ya karatasi sikusema kweli. Sikutaka achukue star. Nilitaka kubaki, nilitaka abaki na mimi, sikuwa na mahali pengine, na niliona aibu kuomba.

Maman alishusha pumzi kwa sauti. "Mimi pia aliniuliza vile," alisema. "Mbele ya kunioa. Na karatasi, na mustari katikati, ati nipe mawazo yako sawa vile haikuangalie. Nilimuambia, usinipime, nikamate. Na wewe, mutoto ya watu, ukamupa hesabu."

Kocha hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, kama siku ya bao la Katanga.

"Nilikuwa," alisema.

Ndege ikapita. Hata pale nyumbani zilipita karibu na paa, vikombe vikalia ndani ya kartoni. Aliweka mikono yote miwili juu ya jezi na kusubiri. Mimi na Maman tulisubiri. Safari hii sikutamani iishe haraka, nilimtazama tu, ule uso wake ulioelekea mbele, kama mtu anayesubiri basi analojua litakuja. Sauti ilienda ikapungua kuelekea makaburini.

"Nangojea useme," alisema.

Tulikusanya jezi kutoka kwenye radiyeta, mimi nikizileta, yeye akizikunja kwenye mapaja. Begi lilikuwa lile lile, zipu ilishaacha kugoma kwa sababu haikuwepo tena, Maman alikuwa ameshona vifungo. Alihesabu. Un, deux, trois, quatre, cinq. Akachukua ile ya bluu iliyopauka na kuilaza juu ya zile za kijani.

"Six," alisema.

Akaendelea mpaka quinze, jezi kumi na tano kamili. Alifunga vifungo kimoja kimoja, akapiga begi kofi mgongoni, akaliegemeza kwenye mguu wangu.

"Bon," alisema. "Jumapili ni zamu ya nani?"

"Ni yangu, Papa Coach."